Pua ya Hajati Halimah

Kila siku saa saba mchana, chakula kikifika hospitalini kutoka nyumbani, Hajati Halimah hufanya jambo lile lile. Huinua kawa kwa vidole viwili, kiasi cha mvuke kupita, huinamisha kichwa, hufumba macho na kunusa. Hana pupa. Huvuta pumzi moja ndefu, huishika kidogo kama mtu anayesikiliza kama kuna anayebisha hodi, kisha huiachia na kutoa hukumu.

"Paja la ng'ombe. Kitunguu kimetiwa kabla mafuta hayajapata moto. Hiliki tatu, na zilitakiwa tano."

Akishasema hivyo hurudisha kawa mahali pake na kumwambia Munirah, binti wa ndugu yake anayemuuguza, "Mpelekee Acayo."

Acayo alikuwa kitanda cha pili, mkono wa kushoto umefungwa plasta hadi begani. Ni mwanamke wa Gulu aliyekuwa akiuza mitumba mjini; watu wake walikuwa mbali, na chakula cha jikoni mwa hospitali hakikumfurahisha hata kidogo. Siku ya kwanza alikataa nyama ile mara mbili, kwa adabu. Siku ya pili alikataa mara moja. Kuanzia siku ya tatu, saa saba kasoro dakika tano, alikuwa amekwisha kunawa.

Munirah hakurudi mikono mitupu. Alipokea sahani ya hospitali ya Acayo, akaimimina juu ya ile ambayo hospitali ilimpa shangazi yake, na Hajati akala zote mbili: maharage, ndizi za matoke zilizopondwa, mchuzi wa karanga, na nakati, ile mboga chungu kidogo ambayo mtu wa Kampala hawezi kumaliza wiki bila kuitaja. Alikamulia ndimu, akala polepole, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha ndizi. Chai alikunywa ya rangi, na tangawizi. Maziwa yakiletwa, nayo yalikwenda kwa Acayo.

Munirah aliyatazama yote hayo kutoka kwenye mkeka wake kando ya kitanda. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, amesomea kazi ya maktaba chuo kikuu, na bado maktaba yoyote ilikuwa haijamwita. Ndugu walipokaa kuchagua nani amuuguze Hajati, walimchagua yeye kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuwa na kazi. Ya pili, hakuwa na maneno, na mgonjwa hachoki upesi na mtu wa namna hiyo. Alikwenda na vitenge viwili, chupa ya chai na vitabu vinne.

"Ukizidi kuficha uso humo," Hajati alimwambia siku ya kwanza, "daktari atapita hapa anipe mimi ruhusa, akulaze wewe."

Hajati mwenyewe hakuwa mtu wa kulala kitandani. Kwa Wanubi wa Kampala wanaomjua, harusi haijapangwa mpaka yeye aseme ana nafasi. Kwa miaka arobaini amesimama mbele ya masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake, akipikia harusi na matanga, na hakuna aliyewahi kusema pilau yake ilipungua chumvi. Kisha asubuhi moja, akinunua mchele katika soko la Kikuubo, alikanyaga mafuta ya kupikia yaliyomwagika mbele ya duka la jumla, akateleza na kuvunjika mfupa wa paja. Kwamba ni mafuta ya kupikia yaliyomwangusha yeye katika watu wote, wageni walijitahidi kutolitaja. Aliwatajia mwenyewe, kila mmoja, ili wapate kucheka na kukaa vizuri.

Jambo ambalo halikuwa la kucheka ni damu. Daktari wa mifupa alifika hospitali ile mara moja kila wiki mbili, Jumanne. Alitaka kuutia mfupa chuma, lakini vipimo vilionyesha damu ya Hajati ni nane na nukta tisa, na bila kufika kumi hawezi kumgusa. Walikuwa na siku kumi. Jumanne ile ikiwapita, wangengoja nyingine, na mfupa ulikuwa haungoji. Ungeanza kuunga kombo, na mpishi wa kusimama angekuwa mpishi wa kukaa, kama si wa kubebwa.

Muuguzi wao, Sista Huguette, mzaliwa wa Bukavu, ndiye aliyewaeleza. Alimpa Hajati vidonge vya damu, kisha akawageukia ndugu waliojaa mlangoni. "Mama huyu ale sana," alisema. "Nyama, maini, au maharage na mboga za majani, na ndimu juu yake."

Kamis alikuwa mbele. Huyu ni baba yake Munirah na mdogo wake Hajati, mwenye lori la kupakia mizigo bandarini Port Bell na kuileta mjini. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuzungumza injini ikiwaka. Kamis alisikia nyama, akasikia maini. Yaliyofuata aliyasikia kama mtu anavyosikia matangazo ya biashara baada ya taarifa ya habari kwisha.

Jioni ile ile alileta kuku wa kuchoma kutoka Kabalagala, amefungwa kwenye karatasi mbili na bado anafuka moshi. Hajati alifungua karatasi kidogo, akanusa, akamtazama ndugu yake. Munirah aliona anatafuta neno la adabu.

"Huyu," akauliza, "nani kamchinja?"

Ndilo kosa alilofanya. Lilikuwa neno la kupitisha saa, kama mtu anavyosema ameshiba. Lakini Kamis alikumbuka harusi moja ya zamani, ambapo Hajati alizuia jiko zima, wapishi thelathini wamekunja mikono, mpaka alipopatikana mtu aliyeshika kisu akaja kusema kwa mdomo wake kwamba alitaja jina la Mungu. Basi Kamis akaelewa, na akishaelewa jambo Kamis huwa haelewi tena lingine. Dada yake ana shaka na machinjo.

"Hajati hakosei," alimwambia mkewe Husnah pale pale kwenye ukumbi. "Kuanzia kesho nyama inatoka buchani kwa Sadik."

Ilitoka kwa Sadik siku tatu. Hajati aliinusa, akaisifu au kuisahihisha, na Acayo akaila. Sahani zilirudi nyumbani safi, Kamis akafurahi, mpaka aliposikia kwa mfagizi wa wodi kwamba Hajati ameonekana akila maharage. Hapo akamleta Sadik mwenyewe.

Sadik wa bucha alifika na kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya, akasimama miguuni pa kitanda kama bwana harusi asiyejua aketi wapi.

"Hajati," alisema, "nimechinja miaka kumi na minane. Kisu changu kinakata karatasi. Jumapili alikuwa dume mwekundu, Jumatatu mweusi mwenye baka, jana mweupe, na wote nimewaelekeza kibla mimi mwenyewe."

"Sadik, mwanangu, mimi nilikupikia harusi yako."

"Ndiyo, Hajati."

"Ningekuwa na shaka nawe ningekuacha uoe?"

Sadik akacheka, akakaa, akanywa chai. Alipotoka alimwambia Kamis kwamba neno la Hajati ni zuri lakini hakulielewa. Kamis naye hakulielewa, na mtu wa lori akishindwa na barabara moja hutafuta nyingine.

Husnah alijaribu njia yake bila kumwambia mumewe. Siku ya sita alileta maharage, maharage matupu, meupe, na mboga pembeni. "Wifi yangu anapenda maharage," alisema, "mimi nani nimzuie?"

Hajati aliinua kawa. Pua yake ilikaa pale muda mrefu kuliko kawaida.

"Husnah."

"Bee, wifi."

"Maharage haya yameogeshwa kwenye supu ya mifupa."

"Kidogo tu, wifi."

"Na mboga zina samli."

"Kijiko kimoja."

"Viwili," alisema Hajati, akafunika. "Lakini mkono wako umekuwa mzuri. Mpelekee Acayo."

Siku ya saba alikuja kuku. Kamis alikuwa amefikiri usiku kucha, na alichofikia ni kwamba mtu hawezi kutilia shaka kitu kilichotendeka mbele ya macho yake. Alipita langoni na kikapu chini ya kwapa. Askari wa zamu, ambaye daftari lake lilitaka jina la kila anayeingia na mgonjwa anayemwona, aliandika "Kamis na mwenzake". Sadik alifuata nyuma na kisu kimefungwa kwenye gazeti. Mpango ulikuwa kumchinja kuku uani, karibu na majiko ya wanaouguza, chini ya dirisha la Hajati, yeye akitazama.

Kuku alitoa kichwa kikapuni katikati ya wodi na kuwasalimu wagonjwa wote sita.

Sista Huguette alikuja mbio, akasimama, mikono kiunoni. "Baba, hiki ni nini?"

"Ni damu ya dada yangu," alisema Kamis.

"Sheria ya hospitali inasema..." Huguette alianza, akanyamaza. Ilionekana sheria ya hospitali ilikuwa haijawahi kumfikiria kuku. "Hapana," akamalizia.

Hajati aliomba aletewe kikapu. Alimgusa kuku kifuani kwa kidole, akampima chini ya bawa kwa kiganja. "Huyu anataga," alisema. "Kamis, umechukua kuku anayetaga ukamleta kwenye kisu? Mrudishe kwa wenzake."

"Basi kula, dada. Kula kitu. Jumanne iko pale." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo Munirah alipoona kwamba baba yake anaogopa. Alimtazama dada yake kama anavyolitazama lori lililozimika mlimani na mzigo juu.

"Ninakula, Kamis."

"Majani."

"Majani ndiyo ninayokula."

Kamis akatoka na kikapu chake. Acayo, kutoka kitanda cha pili, alimsindikiza kuku kwa macho mpaka mlangoni. "Alikuwa mnono," alisema, kwa masikitiko.

Sasa kila mtu akawa na lake. Binamu mmoja alisema Hajati ameweka nadhiri. Jirani alisema ni meno. Mtu alinong'ona kwamba ni huzuni ya marehemu mumewe, ingawa marehemu alikuwa na miaka kumi na moja kaburini na huzuni hiyo ilikuwa haijamzuia Hajati kucheka. Mwingine alisema amesikia wenye dini ya Jumamosi wamepita wodini wakigawa vitabu vya afya vinavyokataza nyama. Munirah aliyasikia yote nyuma ya kitabu chake. Hakuna aliyemwuliza yeye, na hakuna aliyemwuliza Hajati.

Jumapili, siku ya tisa, jiko la hospitali halikuwaka. Walisema mpishi amefiwa. Munirah alinunua fungu la nakati, mchicha na karanga za kusaga kwa mwanamke wa langoni, akaazima sigiri, akaenda kupika uani. Dirisha la Hajati lilikuwa juu yake, na kutoka dirishani sauti ikashuka.

"Munirah. Karanga zinashika chini."

Akakoroga.

"Maji. Ya moto, si ya baridi."

Akaongeza.

"Sasa unasoma?"

"Hapana, shangazi," alisema Munirah, akakifunga kitabu.

Alipopandisha sufuria ndogo ile wodini, Hajati hakunusa. Alichukua kijiko, akachota, akaonja. Akaonja tena. Akafumba macho kwa namna nyingine, si ya hakimu. "Chumvi kidogo," alisema, "na umeunguza pembeni, lakini nimekula vibaya zaidi kwenye karamu za mawaziri." Akala mpaka kijiko kikagonga chini.

Munirah alibaki ameshika mfuniko. Kijiko kile kilikuwa kimemrudisha nyuma mbali: harusi ya mtu, moshi, yeye na miaka minane, amevaa gauni lililombana kwapani. Shangazi yake kasimama mbele ya sufuria la pilau na mwiko mrefu kama kasia, anaita juu ya kelele zote, "Munirah wangu yuko wapi? Njoo unionjee." Anapewa kipande cha nyama kwenye ukingo wa mwiko, anakipuliza, anakitafuna, watu wazima wote wanamngoja. Chumvi imekolea? Imekolea, shangazi. Pilipili? Bado. Kabla yake alikuwa akiitwa binamu mwingine, na baada yake, alipokuwa mkubwa na kuanza kujificha na vitabu, aliitwa mtoto mwingine. Aliona fahari kubwa siku zile. Alidhani ulimi wake ndio bora katika ukoo.

Alijaribu kukumbuka mara moja tu ambapo shangazi yake aliupeleka mwiko ule mdomoni mwake mwenyewe. Alikumbuka akinusa. Alikumbuka akiongeza bizari kwa pua. Alikumbuka akiwa wa mwisho kukaa, watu wameshiba, na mbele yake sahani ya wali wa pembeni, kachumbari na ndizi, na kila mtu akisema, masikini Hajati, nyama imeisha tena.

"Unataka kuuliza kitu," alisema Hajati.

Munirah aliona uso wake unapata joto. "Hapana, shangazi."

"Basi kosha sufuria. Swali likiiva utauliza."

Jumatatu asubuhi Huguette alikuja na sindano, akatoa damu, akaondoka. Acayo alikuwa na tasbihi yake ya Kikatoliki, Hajati na ya kwake, na Munirah alisoma ukurasa mmoja mara tisa. Saa tano Huguette alirudi na karatasi. Alijaribu kuweka uso wa kazi, ukamshinda.

"Kumi na nukta moja, Mama. Kesho unaenda."

Hajati alishika mkono wa Munirah na kuukaza mpaka ukauma. Kisha akasema, "Mpigie baba yako simu kabla hajaleta ng'ombe."

Jumanne ndugu walijaa tangu alfajiri. Kamis alikuwa ameacha lori Port Bell kwa mara ya kwanza katika miezi. Hajati hakuruhusiwa kula wala kunywa, lakini Kamis, aliyeona sahani za nyama zikiendelea kurudi safi na kuamini kwamba dada yake amekubali, alikuwa tayari amefika kwenye chakula cha baadaye.

"Ukiamka tu, dada, utakuta supu ya mifupa. Damu hii imeletwa na nyama ya Sadik. Tusiiache ikashuka." Akampiga Sadik begani, na Sadik akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyestahili.

Kitanda cha pili kilikohoa.

"Kamis," alisema Acayo, "nataka kusema. Mimi naenda nyumbani kesho, na sitaki kwenda na uongo. Nyama ya Sadik, mimi ndiyo nilikula. Siku yote kumi. Hajati alikula maharage yangu."

Watu walimtazama Acayo. Ilikuwa vigumu kumkatalia. Alikuwa ameingia hospitalini na mashavu ya mtu wa kufunga, na sasa alikuwa na kidevu cha ziada.

"Hata maini?" aliuliza Husnah.

"Maini alikuwa mtamu sana, dada yangu. Ile na limau."

Husnah alifungua mdomo kukasirika, akagundua amesifiwa, akaufunga.

Kamis aliketi ukingoni mwa kitanda. "Kumi na nukta moja," alisema, "kwa majani." Kisha akaanza upya, maana ndivyo alivyo. "Basi ni nadhiri. Dada, ni nadhiri?" Binamu akasema nadhiri ina mwisho. Jirani akarudia meno. Sadik, ambaye sasa alikuwa na heshima ya miaka kumi na minane ya kulinda, aliuliza kwa sauti ndogo kama ni yule dume mwenye baka. Wakazungumza juu ya kichwa cha Hajati kama mafundi waliofungua boneti ya gari, kila mmoja akiingiza mkono, na mwenye gari amelala pale pale akiwatazama.

Huguette aliingia akisukuma machela. "Tumefika, Mama. Tayari?"

Munirah alisimama kutoka mkekani. Hakuwa amesema neno mbele ya watu wengi hivyo tangu siku alipoulizwa maswali chuoni, na siku ile pia alinong'ona.

"Shangazi," alisema, na watu wakanyamaza kwa mshangao zaidi kuliko heshima, "kwani wewe unapenda nyama?"

Hajati Halimah alimgeukia. Alionekana kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Harufu yake naipenda sana," alisema. "Kuila, siipendi. Sijaipenda tangu utoto wangu."